E Mahali pa A

Jumatatu, 5 Mei. Lodwar

Nimefungua ofisi saa moja kasoro. Nimefuta vumbi mezani, nimejaza birika la walimu, nimechonga penseli tatu. Katoni ya vyeti vya mtihani wa mwaka jana imefika. Kazi yangu ni kuvisajili kimoja kimoja: nambari, jina, gredi, nafasi ya sahihi ya mwenyewe. Nimefika cha arobaini na moja bila kufuta neno.

Cha arobaini na mbili ni cha dada yangu. EKIRU LOKALE. Mwanamume.

Jina lake ni Akiru. Kwetu herufi ya kwanza ndiyo mtu. A ni mwanamke, E ni mwanamume. Akiru na Ekiru wote wamezaliwa mvua ikinyesha, lakini mmoja ni binti na mwingine ni mwana. Naandika kama namweleza mgeni. Labda namweleza hakimu.

Tangu matokeo yatoke Januari kwa jina hilo, watu nyumbani wanacheka. Wanasema ni kosa la Nairobi. Si la Nairobi. Mimi ndiye karani wa shule hii, na mimi ndiye niliyechapa orodha ya watahiniwa. Nilichapa E mahali pa A, kisha nikaona E, nikajaza mwanamume. Kosa la kwanza lilizaa la pili, na mimi nimekaa nikiangalia.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeandika hivyo mahali popote.

Nimerudisha cheti katonini. Chini kabisa.

Alhamisi, 8 Mei

Akiru amepiga simu kutoka Kakuma. Hasalimii kama watu. "Karani, ejok? Una kalamu? Andika."

Kuna wafadhili wanaotafuta wasichana wa kaunti kame wanaotaka uhandisi. Wanalipa kila kitu, miaka yote. Kutoka Turkana watachukua mmoja. Akiru ana B, na Fizikia ana A. Kwa mashindano ya nchi nzima, B haifiki uhandisi. Kwa nafasi hizi za wafadhili inafika. Mlango ni huo mmoja.

Kila mwombaji apange vyuo vitatu, cha kwanza mpaka cha tatu. Maombi yawe yamefika kabla ya tarehe ishirini na moja. Cheti kiambatanishwe.

Nimeandika "cheti" nikakipigia mstari. Baadaye nimeona mstari umetoboa karatasi.

Hapa Lodwar hakuna wanakofundisha anachokitaka. Lazima aende Kenya. Ndivyo tunavyosema nyumbani: ukishapita Kainuk uko Kenya. Shuleni mwalimu wa Jiografia alinichapa kwa neno hilo, nikamweleza Mama kwamba sisi pia tuko Kenya. Mama akasema, "Aliyekwambia hivyo, ametoka wapi?" Alikuwa ametoka Kenya.

Jumamosi, 10 Mei. Kakuma

Niko nyumbani. Mama amekonda kidogo. Anauza samaki wakavu wa Kalokol kwenye lango la soko la kambi ya wakimbizi, na anasema wateja wake wanapunguka kwa sababu mgao wao wa chakula umepunguka. Wakikosa wao, tunakosa sisi.

Tumekaa kivulini na karatasi za vyuo. Nilizichapa ofisini. Akiru amevibatiza upya. Cha Baridi kiko milimani. Cha Samaki kiko kando ya ziwa la magharibi. Cha Jiji kiko karibu na Nairobi. Mama anataka Cha Samaki. Anasema watu wanaokula samaki hawawezi kumlaza mtoto njaa. Mimi ninataka Cha Baridi kwa sababu ndicho cha karibu kuliko vyote. Nimepima kwa rula juu ya ramani. Akiru amesema nipime pia hofu yangu, inatosha kufika Nairobi na kurudi.

Lokwawi muuza maji amepita na punda wake. Akapaza sauti: "Ejok, Ekiru! Ndevu zimeota?"

Akiru akamjibu: "Zimeota. Niazime wembe wako, najua haujawahi kukata kitu."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mama akainuka, akachukua beseni la samaki, akatoka. Hakuaga. Samaki walikuwa bado hawajahesabiwa.

Sikupaswa kucheka. Ekiru lilikuwa jina la kaka yetu mkubwa. Mama hajalitamka tangu mto Tarach umchukue. Miaka kumi na mitatu. Sasa kila mpita njia analirusha ndani ya boma lake kama mchezo, na aliyewapa jiwe la kurusha ni mimi.

Jumapili, 11 Mei. Kakuma

Baada ya ibada Akiru amenipeleka kambini kwa Mzee Deng. Ni fundi kutoka Sudan Kusini. Ana kibanda cha mabati, redio, taa za jua, mashine za kuchajia simu. Akiru anafanya naye kazi tangu amalize shule. Nimemwangalia akishika chuma cha kulehemu. Mkono hautetemeki. Wangu hutetemeka nikigonga muhuri.

Mzee Deng amezisoma karatasi zetu akizishika mbali na macho. Picha za majengo hakuziangalia. Akasema: "Ya bit, binti yangu, usichague jina. Jina ni rangi. Chagua karakana. Uliza mashine moja inashikwa na watu wangapi. Kama ni watu hamsini, wewe utakuwa unaangalia migongo miaka mitano."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, karani, uulize kwa simu. Sauti yako ni ya ofisi."

Akiru akasema, "Sauti yake ni ya mbuzi aliyefungwa, lakini Kiingereza anacho."

Nimekubali kuuliza. Nimejiona nina maana.

Jumatano, 14 Mei. Lodwar

Nimepiga simu vyuo vyote vitatu saa ya chai. Nimejifanya afisa. Cha Jiji walinipokeza kwa watu wanne, wa mwisho akakata. Cha Samaki wana mashine nzuri, lakini nusu yake zinangoja vipuri. Cha Baridi alinijibu fundi wa karakana mwenyewe. Alizungumza nami dakika kumi na tano. Wanafunzi watatu kwa benchi moja. Ameniuliza binti anatoka wapi. Nikasema Turkana. Akasema mwambie alete sweta mbili, moja itaibwa.

Nimempigia Akiru. Akasema, "Watatu kwa benchi." Akarudia. "Watatu."

Kwa hiyo: Cha Baridi, Cha Samaki, Cha Jiji. Tumemaliza kuchagua.

Ningemwambia leo. Simu ilikuwa mkononi.

Jumanne, 20 Mei

Maombi yamekwenda. Nimeyatuma kwa kompyuta ya ofisi baada ya kuyasoma mara sita. Hakuna nukta iliyokosea isipokuwa ile moja. Nilipoambatanisha cheti nilijiambia hawataangalia. Watu wa Nairobi, kwao Akiru na Ekiru ni kelele zilezile.

Hayo ndiyo matumaini yangu. Kwamba watatudharau kiasi cha kutosha.

Jumatatu, 26 Mei

Wameangalia.

Wamempigia Akiru asubuhi. Wamemsifu sana. Jina lake liko juu kwenye orodha ya Turkana. Lakini kitambulisho ni cha mwanamke anayeitwa Akiru na cheti ni cha mwanamume anayeitwa Ekiru. Wanataka barua ya shule inayoeleza kosa lilitokea wapi, na nakala ya ukurasa wa orodha ambao mtahiniwa alitia sahihi. Mwisho Ijumaa hii.

Akiru amenieleza kwa simu, bila hofu. "Si kitu kikubwa, Karani. Barua moja tu. Si wewe ndiye unayeziandika?"

Ndiyo. Mimi ndiye ninayeziandika.

Jumanne, 27 Mei

Madam, mwalimu mkuu wetu, ameniita. Ni mtu wa haki. Amesema nitafute ukurasa ule.

Ninajua ulipo. Uko kwenye droo yangu, chini ya gazeti nililotandika. Niliutoa kwenye faili Januari. Nieleze vizuri, angalau hapa. Orodha ikishachapwa, kila mtahiniwa husoma jina lake na kutia sahihi kwamba ni sawa. Siku ile mwaka jana Akiru hakuwepo. Mama alikuwa na malaria, Akiru alikuwa Kakuma akimpikia uji. Orodha ilipaswa kuondoka jioni ile. Nikasema ni dada yangu, kuna ubaya gani. Nikamtilia sahihi. Sikusoma jina, kwa sababu nilikuwa nimelichapa mwenyewe.

Kosa la herufi ni uzembe. Sahihi ni jambo lingine. Mtu hufukuzwa kwa sahihi. Mshahara huu ndio unga wa nyumbani tangu Baba afe.

Nimemwambia Madam ukurasa hauonekani. Ameniangalia. Akasema, "Wewe, Ewoi? Kitu kipotee kwako?" Akacheka kwa upole.

Afadhali angenipiga.

Jumatano, 28 Mei

Madam amesoma rasimu kwa sauti na mimi nimechapa. Bila ule ukurasa amesema atasimamia utaratibu wa kawaida. Sentensi ya tatu ni hii, nimeikariri: "Kwa mujibu wa utaratibu wetu, mtahiniwa mwenyewe alisoma jina lake na kuthibitisha kwa sahihi kwamba halina kosa."

Mtahiniwa mwenyewe.

Vidole vyangu vimeyaandika hayo bila kukwama. Nimeangalia tahajia. Nimegonga muhuri, umekaa sawa. Nimetuma.

Mimi ni mtu mbaya. Sikuwahi kujua. Nilidhani mimi ni mwoga tu.

Ijumaa, 30 Mei

Wafadhili wamejibu. Akiru amenisomea kwenye simu, polepole, kwa Kiingereza chao, kisha akanipa maana kwa Kiswahili kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiingereza. Wanasema mhandisi ni mtu wa kuhakikisha. Mtu asiyesoma jina lake mwenyewe kabla ya kutia sahihi, watamwaminije na vipimo vya umeme? Maombi yamewekwa kando. Hawakusema yamekataliwa. Kando.

Nikasikia redio ya Mzee Deng nyuma yake ikitafuta stesheni.

"Karani. Mimi sikutia sahihi karatasi yoyote."

Nikaisogeza simu sikio la pili.

"Siku ile ulikuwa ofisini?"

Nikasema sikumbuki.

Akasema, "Sawa." Hakukata simu. Mimi ndiye niliyekata.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani nimekaa nyuma. Mhubiri alihubiri juu ya mambo mengine kabisa, lakini mimi nilikuwa mtoni.

Niliandike basi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ekiru alikuwa na kumi na saba. Tulikuwa tunatoka dukani. Tarach ilikuwa mchanga mtupu, jua kali, hapakuwa na hata wingu. Mimi nilitangulia kuvuka. Yeye alirudi kuokota kandambili yangu iliyokatika ikabaki katikati. Nilikuwa nimefika ukingo wa pili nikasikia mngurumo, nikageuka, nikaona maji yanakuja kutoka kwenye kona ya juu, ya kahawia, yamebeba miti. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, kwa watu wengine. Yeye alikuwa ameinama. Hakuyaona. Mimi niliyaona.

Sikupiga kelele. Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka.

Nyumbani walijua tu kwamba mto ulikuja ghafla. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama niliuona kwanza. Nimekuwa mwangalifu maisha yangu yote tangu siku ile. Watu hunisifu.

Sasa naona kwa nini mkono uliandika E. Jina lile nimelibeba bila kulitaja. Limetafuta pa kutokea.

Na sasa nimesimama ukingoni tena, na Akiru ameinama.

Jumanne, 3 Juni

Nimefanya.

Nilibisha hodi kwa Madam kabla ya gwaride la asubuhi. Nikaweka ukurasa mezani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikasema, "Sahihi hii ni yangu." Kisha nikasema yaliyobaki, si kwa mpangilio. Kamasi zilinitoka kama mtoto.

Hakupaza sauti. Alivaa miwani, akausoma, akaivua.

"Ewoi. Umenifanya nitie sahihi uongo."

"Ndiyo, Madam."

"Dhidi ya mtoto wangu wa shule."

"Ndiyo, Madam."

"Dhidi ya dadako."

Hapo nikaangalia ule ukurasa mezani.

Ameandika barua mpya kwa mkono wake. Hakuniruhusu kuichapa. Ameipiga picha na ule ukurasa, amezituma mwenyewe, akawapigia simu wafadhili nikiwa nimesimama pale. Ameanzisha pia ombi la kusahihisha cheti. Hilo ni kiapo mahakamani, fomu, na miezi. Mimi nisiguse tena kitu chenye jina la mwanafunzi. Bodi itaniita. Kwa sasa nihamie stoo.

Nimetoka mikono mitupu, miguu myepesi. Nimeona aibu kwa wepesi ule.

Alhamisi, 5 Juni

Madam amekuja mwenyewe stoo kuniambia. Nilikuwa nahesabu chaki.

Wafadhili wameshukuru kwa ukweli. Wamesikitika. Nafasi ya Turkana walimpa msichana mwingine Ijumaa, saa chache baada ya kuweka maombi ya Akiru kando. Msichana wa Lokori. Ameshajulishwa, ameshakubali, haiwezekani kumnyang'anya.

Siku nne. Kama ningesema ile Jumanne Madam aliponiuliza mara ya kwanza, barua ya kweli ingefika Jumatano.

Najilazimisha kumfurahia msichana wa Lokori. Siwezi. Nimehesabu chaki upya. Zimepungua moja, nilikuwa nimeikanyaga.

Jumamosi, 7 Juni. Kakuma

Nimekwenda moja kwa moja kibandani kwa Mzee Deng, nisipitie nyumbani. Niliogopa kwamba nikipita nyumbani nitakaa.

Akiru alikuwa amefungua redio, matumbo nje. Nikamwambia pale pale, nimesimama. Nilichapa mimi. Nilitia sahihi mimi. Barua ya kukulaumu niliichapa mimi. Nafasi imekwenda.

Hakuacha kulehemu. Alimaliza nukta ile, akapuliza, akaweka chuma kwenye kishikio chake. Huwa hafanyi kitu nusu.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu Januari. Siku ya sahihi nilikuwa hapa nakoroga uji. Ofisini ulikuwa wewe. Ni hesabu ya darasa la pili, Karani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja."

Hilo tu. Nilikungoja. Alilisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Miezi mitano alinirushia kamba, kila aliponiita Karani, kila alipotania zile ndevu mbele yangu, kila alipouliza kama si mimi ndiye ninayeandika barua. Angeweza kunitaja kwa Madam. Alijua kazi yangu ndiyo unga. Akachagua kungoja nijitaje.

Mzee Deng alikuwa amejifanya anatafuta skrubu. Akasema bila kugeuka, "Kalas, yatosha. Mpe kiti kaka yako, ataanguka kwenye betri."

Akiru akanisogezea ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa. Akaendelea na redio. Baada ya muda nikaona mkono wake unatetemeka. Sijawahi kuuona ukitetemeka. Akauficha chini ya meza.

Mama sikumwambia. Sikuwa na kilichobaki.

Ijumaa, 20 Juni. Lodwar

Bodi imekaa. Barua ya onyo la mwisho. Mshahara wa mwezi mmoja umezuiliwa. Nibaki stoo. Nilitegemea kufukuzwa na nimekaa na wazo hilo siku nyingi kiasi kwamba kubaki kumenichosha. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema jina lake ni Akiru. Akasema hayo wameshayajua.

Jumatano, 9 Julai

Serikali imetoa nafasi zake. Akiru amepata ile ya mwisho kwenye fomu yake, ambayo aliijaza kwa mzaha: stashahada ya umeme, chuo cha ufundi, mji uleule wa Cha Baridi. Ng'ambo ya barabara, anasema. Amepima kwenye ramani ya simu. Karakana ya watatu kwa benchi iko upande mmoja, yeye atakuwa upande wa pili.

Si uhandisi. Ni kukaa mlangoni mwa uhandisi. Akimaliza vizuri, miaka mitatu baadaye, anaweza kuomba kuingia. Anaweza.

Marekebisho ya cheti bado. Kwa hiyo barua ya kuitwa imemwita Ekiru, na amepangiwa bweni la wavulana.

Nilimwambia nitapiga simu, nitaeleza. Akasema, "Acha. Hilo nitasema mwenyewe." Hakuniita Karani. Hakuniita kitu.

Jumapili, 31 Agosti. Kakuma

Anaondoka kesho alfajiri. Sanduku la bati, sweta mbili. Mzee Deng amempa chuma chake cha kulehemu, kile kizuri, amekivingirisha kwenye soksi. Lokwawi muuza maji ameleta mtungi wa bure, akakosa utani wa kusema, akampiga punda na kwenda zake.

Mama amempaka mafuta kichwani, amemtemea mate ya baraka kifuani, kama alivyofanyiwa yeye. Akamwambia jinsi alivyopata jina. Tunaijua hadithi, sisi sote, lakini aliisimulia. Mtoto alikataa titi siku nzima, akaitiwa majina ya mabibi wote waliokufa, akageuza uso. Mvua ikaanza. Bibi mmoja mlangoni akasema, Akiru. Mtoto akanyonya.

"Jina si la karatasi," Mama akasema. "Ulilichagua kwa mdomo wako."

Akiru alinitazama juu ya bega la Mama. Nikaangalia chini.

Tulipoachana amenishika mkono. Mkono tu. Akasema, "Andika." Sijui alimaanisha nimwandikie, au niendelee kuandika. Nimekubali yote mawili.

Jumamosi, 13 Septemba. Kakuma

Nimekuja kumwona Mama. Nimemletea unga na majani ya chai. Tumetandaza samaki juani, tukawageuza. Upepo umekuwa mwingi leo.

Akiru ametuma ujumbe asubuhi, nikamsomea Mama. Baridi inauma meno. Sweta moja imeibwa, kama alivyosema yule fundi. Amehamishiwa bweni la wasichana siku ya tatu, baada ya kusimama mlangoni mwa wavulana na sanduku lake na kumwambia msimamizi, nihesabu wewe mwenyewe kama mimi ni mvulana. Wiki ijayo watashika waya kwa mara ya kwanza. Kwenye daftari la darasa bado ni Ekiru. Mwalimu akiita, yeye huitika.

Mama aligeuza samaki watatu, wanne.

"Wanamwitaje?"

Nikamwambia.

"Na anaitika."

"Anaitika, Mama. Mpaka cheti kirudi."

Akafikiri. Nikaona ndio wakati, na sauti ikatoka, ndogo lakini ikatoka. Nikamwambia ni mimi niliyeliandika hivyo, si Nairobi. Nikamwambia na la mtoni. Kwamba niliyaona maji kabla yake. Kwamba sikupiga kelele.

Mikono yake ilibaki juu ya samaki. Nilisikia mbuzi, nikasikia jenereta ya upande wa kambini. Nilingoja anitoe kwenye boma lake.

Kisha akasema, hakuniangalia, aliangalia kule barabara inakoelekea Lodwar, na Kainuk, na Kenya:

"Basi Ekiru amevuka."

Amelitamka jina lile mwenyewe, kisha akarudi kugeuza samaki. Nikasogea upande wa pili wa mkeka, nikaanza kugeuza wa kwangu.